Besi chotara ya nyuzi sita: pikapu ipi, na uiweke wapi?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni seremala wa samani, nipo Tanga, na wikiendi napiga besi kwenye bendi ya dansi, mara nyingine taarab harusini. Nimejitengenezea gitaa la besi la nyuzi sita. Mwili ni mninga, nimeuchimba ndani ukabaki na uwazi, juu nimeufunika kwa ubao wa milimita 4. Ubao wa vidole ni mpingo. Nataka liwe chotara, nusu la umeme nusu la akustiki, na piezo (pikapu inayosikia mgandamizo) nimeshaiweka chini ya daraja. Nilipokwama ni kwenye pikapu za sumaku. Rafiki mmoja anasema niweke mbili za Jazz Bass, ile besi ya Fender, mwingine anasema nichukue nusu tatu za Precision Bass, nayo ya Fender, nizipange, na mtandaoni naona za betri. Urefu wa uzi ni inchi 34, nyuzi darajani zimeachana milimita 17, nimetyuni B, E, A, D, G, C. Fedha si nyingi. Nichague ipi?"

Marahaba mwanangu, na hongera. Mtu aliyeunga shingo ikabeba nyuzi sita bila kupinda ameshavuka mahali pagumu. Kabla sijaendelea, mke wangu alipoona nimeandika "pikapu sita nilizowahi kuzivunja" aliuliza ajali zilitokea barabara gani. Basi tuelewane: hapa pikapu ni kifaa kinachogeuza mtetemo wa uzi kuwa umeme wa kwenda kwenye ampi, hatuzungumzii ile ya kubebea machungwa ya Muheza.

Ushauri wangu ni huu. Weka pikapu moja tu ya sumaku, iwe pana, ya koili mbili (mizingo miwili ya waya), yenye pau ndani, yaani vipande virefu vinavyopita chini ya nyuzi zote, badala ya vichwa vya sumaku kimoja kimoja. Iweke moja ya sita ya urefu wa uzi kutoka darajani. Fedha utakayookoa kwa kutonunua ya pili, ipeleke yote kwenye saketi ya piezo. Chotara wako atasimama au kuanguka kwa piezo, na watu wengi hununua sumaku za bei kubwa kisha piezo wakaiunganisha kama waya wa redio.

Moja inatosha? Inatosha. Mpiga besi Mmarekani Anthony Jackson, ambaye mwaka 1975 alitengenezewa na fundi Carl Thompson besi ya nyuzi sita iliyotyuniwa kama yako, alikuja kupiga kwa miaka mingi magitaa yenye pikapu moja tu. Na wewe tayari unayo sauti ya pili, ya piezo.

Sasa vipimo. Umenipa namba, nakushukuru, maana wengi hunitumia picha. Nyuzi sita zina nafasi tano katikati yake, kwa hiyo darajani upana kutoka B hadi C ni milimita 85. Kwenye kifupa cha juu, pale nyuzi zinapoingia kichwani, huwa ni kama 46, ila kapime wa kwako. Nyuzi zinasogeleana kadiri unavyoelekea kichwani. Inchi 34 ni milimita 864, moja ya sita yake ni 144. Ukipiga hesabu, milimita 144 kutoka darajani upana wa nyuzi zako ni kama 78 na nusu. Hiyo ndiyo namba ya kwenda nayo dukani.

Pikapu ya Jazz Bass ilitengenezwa mwaka 1960 kwa nyuzi nne. Vichwa vyake vya sumaku, kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, vinafika takribani milimita 57. Ukiiweka chini ya nyuzi zako, B na C zitabaki nje ya uwanja. Zitasikika, lakini kama mtu anayekusalimu akiwa nyuma ya mlango uliofungwa. Rafiki yako wa kwanza ana sikio zuri, tatizo lake hakushika rula.

Kosa hilo nami nililifanya kwa namna nyingine. Miaka ya nyuma nilimtengenezea mteja besi ya nyuzi sita, nikaagiza pikapu ndefu, boksi lake karibu milimita 100. Nikachimba tundu safi kabisa. Nilipowasha, uzi wa C ukawa unanong'ona. Boksi lilikuwa refu lakini pau za ndani zilikuwa fupi, muuzaji amepima plastiki. Tangu siku hiyo sinunui pikapu bila kuuliza urefu wa pau zenyewe, na ikifika naipima kabla patasi haijagusa mbao. Wewe una bahati, karibu na karakana yako hapakosi mchomelea vyuma. Mwombe vumbi la chuma linalodondoka kwenye jiwe la kusagia. Funga pikapu kwenye mfuko wa nailoni, lisiingie ndani hata chembe, weka karatasi juu, nyunyiza, gonga taratibu. Vumbi litajipanga na kukuchorea sumaku inapoanzia na inapoishia. Kwako mchoro huo usiwe chini ya milimita 82.

Umbo la boksi nalo lina maana. Chukua lile la sabuni ya mche lenye urefu wa inchi 4.5 na upana wa inchi 1.5, yaani milimita 114 kwa 38. EMG, kampuni ya Marekani ya pikapu, wanaliita 45, na watengenezaji wengine kadhaa wanafuata umbo hilohilo. Ukichimba tundu la kipimo hicho, kesho ukitaka kubadilisha hutachimba tena.

Kwa nini pau? Kwa sababu vichwa vya kimojakimoja vinataka kila uzi ukae juu ya kichwa chake, na mtengenezaji wa pikapu hajui nafasi za daraja lako. Upau hauna mpangilio wa kukosea. Hata ukivuta uzi pembeni sauti haidondoki.

Nusu tatu za Precision Bass ni wazo tamu, nikiri. Tangu 1957 pikapu hiyo imegawanywa nusu mbili, kila nusu inasikiliza nyuzi mbili, kwa hiyo nusu tatu zinatosha nyuzi sita. Hesabu ya nyuzi inakubali, ila ya mvumo inakataa. Zile nusu mbili zimefungwa kinyume, waya upande huu na sumaku upande ule, ili mvumo wa umeme unaoingia katika koili moja ufutwe na ule wa koili nyingine huku sauti ya nyuzi ikibaki. Ukiongeza ya tatu, mbili zinafutana, moja inabaki inalia peke yake.

Na mvumo kwetu una ubaya wake wa pekee. Umeme wa Tanzania, kama wa Kenya, unazunguka hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde. Noti ya G ya chini, freti ya tatu kwenye uzi wa E, ni hezi 49. Kwa hiyo mvumo wa ukumbini unaimba karibu noti ileile unayoipiga. Ukishika G ndefu kwenye pikapu ya koili moja, utasikia sauti inavimba na kunywea kama mara moja kila sekunde. Marekani umeme ni hezi 60, hauangukii hapo. Ndiyo maana mtu wa huko anaweza kukwambia koili moja si tatizo kubwa, naye hasemi uongo. Wewe chukua koili mbili, zile tunazoziita hambaka.

Kuhusu mahali pa kuiweka. Pikapu ikikaa moja ya sita ya urefu wa uzi, uzi ulio wazi unapoteza sauti-juu yake ya sita (ule mlio unaotetema mara sita ya noti yenyewe), kwa sababu hapo hasa ndipo wimbi hilo halitembei. Ukisogea darajani unapata ukali na mlio wa puani, ukisogea shingoni unapata unene na giza. Pikapu ya Precision iko karibu na hiyo moja ya sita, na sikio la watu wa dansi limelelewa hapo. Lakini usinisadiki mimi. Funga nyuzi, unganisha pikapu kwenye ampi kwa waya mrefu, igeuze uso chini, ishikilie juu ya nyuzi kwa kipande cha ubao chenye miguu miwili pembeni, isiguse. Sogeza milimita kumi kumi huku mtu mwingine akipiga. Pikapu inasikia sawa ikiwa juu au chini ya uzi. Ukifika mahali unapotabasamu, weka alama kwa penseli. Jioni moja ya kazi hiyo inashinda mabishano ya mwezi mzima, na mbao yako bado haijatobolewa.

Kama pikapu pana imekushinda bei au haipatikani, kuna njia ya fundi. Maduka ya muziki huku kwetu mara nyingi hayana pikapu za besi ya nyuzi sita, lakini hambaka za gitaa la kawaida zipo, mpya na zilizotolewa kwenye magitaa yaliyovunjika. Moja yao inasikiliza upana wa milimita 50 hivi. Nyuzi zako tatu, pale milimita 144, zinachukua 31 na nusu. Maana yake hambaka moja inabeba B, E na A, nyingine inabeba D, G na C, na bado kila moja haifiki kwenye uzi wa jirani. Boksi zake hazitaenea ubavu kwa ubavu, kila moja ina urefu wa milimita 70 hivi, kwa hiyo zipishane: moja mbele, moja nyuma, angalau milimita 38. Ningeweka ya nyuzi nene upande wa daraja ili B isikike imebana, na ya nyuzi nyembamba upande wa shingo ili C isikwaruze. Tafuta zenye pau ukiweza, maana vichwa vya gitaa vimeachana milimita 10 na nyuzi zako karibu 16, uzi mmoja au mwingine utaangukia katikati ya vichwa. Kila hambaka inafuta mvumo yenyewe, kwa hiyo tatizo la nusu tatu halipo. Na kama siku moja utataka kupeleka nyuzi za chini kwenye ampi ya besi na za juu kwenye ampi ya gitaa, waya ziko tayari. Nimeisikia njia hii ikitoa sauti nzuri kuliko pikapu za bei mara tatu.

Sasa piezo, nilikotaka tufike tangu mwanzo.

Pikapu ya sumaku inasikia chuma kinachotembea. Mbao yako ya mninga kwake ni habari ya mbali. Piezo inasikia mgandamizo wa daraja, na daraja limekaa juu ya ule ubao wa milimita 4 juu ya uwazi, kwa hiyo kazi yako yote ya useremala inatokea hapo. Mtu akikwambia mbao haina maana kwenye besi ya umeme, mwache, kwa upande wa sumaku yuko karibu na ukweli. Kwa upande wa piezo hajui anachosema.

Lakini piezo ni dhaifu kwa namna ya ajabu: inafanya kazi kama kapasita (kijihifadhi kidogo cha chaji ya umeme), na kifaa kinachoipokea kikiwa na ukinzani mdogo kinaimeza besi yote. Chukua piezo ya daraja yenye nanofaradi 1. Ukiichomeka kwenye ampi ya gitaa yenye ukinzani wa megaohmu 1, sauti inaanza kushuka kuanzia hezi 159 kwenda chini. Uzi wako wa B ni hezi 31. Kinachofika ni kama sehemu moja ya tano ya volti yake. Ukiipitisha kwenye volyumu ya kawaida ya kiloohmu 250, inaanza kushuka kuanzia hezi 637, hapo hata uzi wa C umo ndani ya shimo. Halafu mtu anasema piezo zina sauti ya kopo! Ipe megaohmu 10 na mstari unashuka hadi hezi 16, chini ya noti yako ya mwisho. Kama multimita yako ina sehemu ya kapasita, pima piezo yako leo. Zile za visahani vya shaba vinavyotolewa kwenye kengele za saa na vichezeo huwa na nanofaradi 20 hivi, hizo hata megaohmu 1 zinaridhika nayo, ila husikia kila mguso wa kidole na kifungo cha shati.

Ndiyo maana huwezi kuunganisha sumaku na piezo kwenye kifundo kimoja cha kuchanganya bila umeme. Sumaku itaimeza piezo. Unahitaji bafa, yaani saketi ndogo ya betri ya volti 9 inayopokea kila pikapu kwa ukinzani wake. Unaweza kununua priampu (kikuza sauti cha awali) ya njia mbili iliyotengenezwa tayari kwa kazi hii. Kama unajua kulehemu, IC moja (saketi iliyofungwa kwenye kipande kimoja kidogo) ya TL072 ina nafasi mbili za kukuza sauti ndani yake: upande mmoja mpe piezo na kipingamizi cha megaohmu 10, upande wa pili mpe sumaku, kila mmoja apite kwenye volyumu yake, mwisho uwakutanishe kwa vipingamizi viwili vya kiloohmu 10. IC hiyo inakula chini ya miliampu 3 kwa kawaida, betri nzuri ya alkalini inavuka saa 100. Tumia jeki ya stirio hata kama waya wako ni wa mono: upande hasi wa betri ukiuunganisha kwenye mguu wa katikati, saketi inazimika yenyewe ukichomoa waya. Usipochomoa baada ya shoo, betri itaendelea kuliwa usiku na mchana hadi ife. Waya kutoka piezo hadi bafa uwe mfupi na wenye nyavu ya kukinga.

Piezo nisingeiachia ibebe chini. Ikate chini ya hezi 100 hivi, sumaku ibebe uzito na piezo ibebe kucha, mbao na pumzi. Uwazi wa ndani nao utataka kupiga kelele spika zikiwa karibu, na kelele hiyo huanzia chini. Ukumbi ukiwa mbaya, shusha piezo kabisa, umalize wimbo kwa sumaku.

Ukiwasha zote mbili na besi ikapungua badala ya kuongezeka, usiilaumu pikapu. Moja inasukuma wakati nyingine inavuta. Geuza waya mbili za sumaku. Angalia tu kwanza kama waya wa kinga umetenganishwa na waya wa koili, kama zimeunganishwa ndani basi ugeuzaji ufanyike kwenye bafa.

Zile za betri ulizoziona mtandaoni zina bafa ndani ya boksi. Si lazima kwako, kwa kuwa bafa utajenga hata hivyo, na sumaku ya kawaida yenye volyumu ya kiloohmu 500 itafanya kazi yake. (Ukichukua za betri, volyumu iwe kiloohmu 25, usichanganye.) Lakini ziko sababu mbili zinazonifanya nisizipuuze kwa mtu wa Tanga. Ya kwanza ni bahari: nyingi zimemiminiwa epoksi na hazina chuma kilicho wazi, chumvi ya hewani haipati pa kuanzia kutu. Ya pili ni usalama. Pikapu ya kawaida inataka nyuzi ziunganishwe na kinga, kwa hiyo mkono wako umeunganishwa na ampi. Kwenye harusi ya mahema, waya wa upanuzi usio na ardhi, ampi kwenye soketi moja na spika za mwimbaji kwenye jenereta, ukigusa maikrofoni kwa mdomo utakumbuka jina la babu yako. Za betri za EMG hazihitaji waya wa ardhi kwenye nyuzi, na hilo pekee limenifanya niwashauri watu wawili wazinunue. Ukibaki na za kawaida, nunua kipima soketi na ukitumie kabla ya kuchomeka chochote.

Ndani ya tundu funika kwa karatasi ya shaba yenye gundi, uiunganishe na ardhi ya jeki. Karatasi ya alumini ya jikoni inafanya kazi pia, ila risasi haishiki juu yake, utaibana kwa skrubu.

Nyuzi zenyewe lazima ziwe na chuma ndani. Za nailoni tupu sumaku haizioni, piezo peke yake ndiyo itaimba. Zile zenye kiini cha chuma zilizozungushiwa utepe wa nailoni zinasikika pande zote mbili, na kwa taarab, ambako besi inatakiwa iwe ya mviringo na isiwafunike violini, ningeanza na hizo.

Kimo cha pikapu: bonyeza freti ya mwisho, acha milimita 5 chini ya B na 3 chini ya C, kisha sogeza robo mzunguko kwa skrubu hadi nyuzi zote sita zitoke sawa. Usiisogeze karibu sana upande wa B. Sumaku yenye nguvu huuvuta uzi mnene, noti za juu shingoni zikaanza kuyumba, na utamaliza wiki nzima ukishuku freti zako ambazo hazina kosa.